Kipimo cha Kichwa Changu

Juni 4
Leo ni miezi mitatu kasoro kidogo tangu nitoke nyumbani Kumbo, milimani. Niliondoka vumbi la kiangazi likiwa bado jekundu juu ya majani. Huku chini kwenye mashamba ya mpira hakuna vumbi, kuna matope tu. Nilimwambia mama ningerudi mwezi wa nane. Tutaona.

Kazi ni kugema. Alfajiri unachonga gome, utomvu unatiririka kikombeni, mchana unapita kukusanya. Mvua ikilowesha gome hakuna kazi, maana utomvu hutapakaa shina zima ukamwagika. Tangu juzi msimamizi wetu, Mokake, anagonga kipande cha reli kilichoning'inizwa kambini mara mbili, yaani rudini mkalale. Tumelala mpaka mbavu zinauma. Ndiyo maana nimenunua daftari. Nilifika darasa la sita tu, lakini mkono bado unaandika.

Chumbani tuko wawili. Mwenzangu ni Pa Lantum, mzee wa kwetu, mtaa wa ng'ambo ya mto. Amehamia wiki iliyopita, na aliomba mwenyewe. Vyumba vitupu vipo kwenye safu yetu. Kwa nini changu?

Juni 7
Mvua. Pa Lantum anafuma kofia kwa kroshia kutwa. Sindano yake ni waya wa mwavuli mbovu, ncha ameinoa kwa jiwe ikawa kama ndoana ndogo. Amesema, "Njoo nikufundishe." Nimemwambia macho yananiuma.

Juni 8
Mvua. Nimekubali, kwa uchovu wa kulala.

Unaanza na kitanzi kimoja. Unaingiza sindano, unavuta uzi, unapata kingine. Ukiendelea hivyo unapata mnyororo. Mzee akiufanya unatoka kama maji. Wa kwangu umetoka kama utumbo wa kuku. Nilikaza mno, sindano ikakataa kuingia.

"Legeza mkono," akasema. "Uzi haujakukosea."

"Nimelegeza, Pa."

"Umelegeza mdomo. Mkono umeukaza kama unamshika mwizi."

Majirani wamepita wakacheka. Si kwa sababu mwanaume anafuma, kwetu kofia ni kazi ya wanaume tangu zamani. Wamecheka kwa sababu mtu wa Nso, kabila letu, wa umri wangu hajui.

Juni 15
Tumegema siku mbili, leo mvua tena. Nimetengeneza duara. Lilipaswa kulala bapa kama chapati. Limejikunja juu kama bakuli. Mzee amesema sijaongeza vitanzi vya kutosha, kila mzunguko lazima uingize viwili mahali pa kimoja, hapa na pale, kwa mpango. Amelivuta lote likafumuka kwa pumzi moja. Kazi ya siku nzima.

Juni 16
Nimeongeza. Sasa limejaa mawimbi pembeni kama kabichi.

Juni 20
Enanga amenipa koki, zile kunde za kusagwa zinazopikwa kwenye majani, na ndizi, hakutaka kunipimia kama wengine, ameweka bakuli limejaa. Enanga ni wa hapa hapa, anauza chakula kwenye lango la shamba. Mume alimwacha akaenda bandarini.

"Watu wa milimani," ameniambia, "mnakuja mnasema miezi sita. Mnazeeka hapa."

"Unanifukuza?"

"Nimesema mnazeeka. Sijasema vibaya."

Nimerudi chumbani naimba. Pa Lantum akaniuliza, "Umesema nyumbani utapanda lini?" Nilikuwa sijasema chochote kuhusu nyumbani.

Juni 29
Sasa niandike jambo linalonisumbua, nilione kwa macho.

Baba yangu ni Fai, mkuu wa ukoo. Anaumwa tangu mwaka jana. Fai akifa, mrithi haombi kazi. Wazee wachache wanamjua, na mwenyewe huwa wa mwisho kujua. Siku ile watu wamejaa uani, umesimama nao umevaa shati lako, unaona mikono imekushika mabega na kiuno. Ukipiga kelele ni kazi bure. Wanakuingiza ndani, unatoka na kofia. Kuanzia hapo jina lako halitajwi tena. Hupewi mkono, watu wanakupigia makofi na kuinama. Huli mbele za watu. Unabeba wajane wa baba, kesi za mipaka, watoto wa kila mtu, na hutoki tena kwenda kutafuta maisha. Namjua mtu wa mtaa wetu aliyekimbilia nchi jirani kukwepa. Walimfuata.

Watoto wa baba tuko wengi, lakini wanaume waliokua ni wawili tu, sisi wa mama yangu, mimi na kaka yangu Ngoran. Mimi ndiye niliyekuwa nambebea baba kigoda. Siku naondoka nilimwambia Ngoran njiani, "Sitaki kiti kile. Mwambie yeyote atakayeuliza." Ngoran alicheka tu.

Leo Pa Lantum amekata uzi mweusi, akasema, "Inamisha kichwa." Akauzungusha juu ya masikio yangu, akaufunga fundo pale ncha zilipokutana, akautia mfukoni.

"Wa nini, Pa?"

"Fundi lazima ajue kichwa. Utajifunza kofia bila kichwa?"

"Pima chako."

"Changu nakijua."

Sijalala vizuri.

Julai 3
Tumegema. Utomvu kidogo.

Julai 6
Ngoran amepiga simu. Amesema baba hajambo kidogo, anakunywa uji. Halafu, bila mimi kuuliza: "Usihangaike kuja. Barabara imeharibika, magari yanakwama. Tulia huko." Kaka yangu hajawahi kunionea huruma ya barabara hata siku moja. Anayetaka kukamata kuku hamfukuzi, anajifanya anatazama pembeni.

Julai 7
Pa Lantum naye: "Usipande sasa hivi. Mvua ikipungua ndiyo utaenda." Maneno yale yale. Wamepanga.

Julai 12
Mvua siku tano mfululizo. Mkono umelegea kidogo. Nimejua kuhesabu kwa kidole gumba badala ya kuhesabu kwa sauti, na nimejua kosa langu kubwa: kila mwisho wa mzunguko nilikuwa naruka kitanzi cha mwisho, kinajificha chini ya uzi. Ndiyo maana kazi yangu ilikuwa inabanwa bila kujua imebanwa wapi. Duara la leo limelala bapa. Pa Lantum aliliweka juu ya goti lake, akalipapasa, hakusema kitu. Kwa mzee yule hiyo ni sifa kubwa.

Yeye ameanza kofia mpya. Nyeusi na nyeupe, yenye vinundu vinavyosimama kama chunusi kubwa, kila kimoja kimejazwa kwa ndani. Kofia hiyo haivaliwi na mgema mpira.

"Ya nani hiyo, Pa?"

"Ya mtu."

"Mtu gani?"

"Mwenye kichwa."

Julai 14
Nimemweleza Enanga. Alikuwa anafunga koki kwenye majani, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wanataka kukupa ufalme, na wewe unalia."

"Si ufalme. Ni kifungo."

"Una wake wangapi ukikamatwa?"

"Wajane wa baba wako wanne, pamoja na mama. Mama simhesabu."

"Watatu." Akafunga kamba. "Basi kaa mbali na hicho kizee. Au muulize tu, mbona una mdomo?"

Nikimuuliza atajua nimejua.

Julai 22
Mama amepiga kwa simu ya jirani. Mama hapigi simu, anaziogopa, anaongea kama mtu anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. Amesema, "Baba yako anakuuliza. Asubuhi anauliza, jioni anauliza. Njoo."

"Ngoran amesema barabara mbaya."

"Ngoran amesema nini?"

Halafu simu ikakatika, au ikakatwa. Nimekaa nayo mkononi muda mrefu. Mama hawezi kunidanganya. Lakini mama anaweza kutumwa na watu wasiomwambia kwa nini. Nani asingemtumia mama? Ukitaka kumtoa mtu shimoni unamtumia mama yake.

Nitakwenda mwezi wa kumi, mvua zikiisha, nikiwa nimesikia habari pande zote. Nimemwambia Pa Lantum mwezi wa kumi. Amesema, "Vizuri." Amesema haraka mno.

Julai 23
Mvua. Nimefuma, nimefumua.

Julai 30
Pa Lantum anatoka nje kuongea na simu, mvua inanyesha. Mzee mwenye kifua kibovu anasimama chini ya mchirizi wa bati ili mimi nisisikie. Nimesikia maneno mawili tu: "bado yupo."

Agosti 5
Leo amenivisha ile kofia yake, haijafika hata nusu. Ameiweka juu ya kichwa changu kutoka nyuma, nikiwa nimeinamia kazi yangu. Nimeruka kama nimeguswa na nyoka. Mikono yake ilikuwa juu ya mabega yangu.

"Una nini wewe? Napima tu."

"Usinishike kutoka nyuma, Pa."

Amenitazama. "Kuna aliyekuambia kitu?"

"Aniambie nini?"

"Nauliza."

"Na mimi nauliza."

Tukarudi kufuma. Kichekesho ni kwamba yeye na mimi tunakaa goti kwa goti kama baba na mwana, uzi wake na wangu unatoka kapu moja, na mimi sina mtu ninayemwogopa kumzidi.

Agosti 9
Nimemaliza kofia yangu ya kwanza, ya uzi wa kahawia, bila nakshi. Imeelekea upande mmoja. Nimempa Enanga, amesema ataweka mayai.

Agosti 18
Tumegema wiki nzima, jua la ghafla. Mkono wa kulia una malengelenge ya kisu na ya sindano, sijui lipi ni lipi.

Agosti 21
Nimempigia Ngoran. Hajapokea. Nimempigia jirani wa mama. Amesema, "Wote wapo shambani." Katikati ya mvua, wote, shambani. Nikauliza baba. Akasema, "Fai amelala." Nikasema amwamshe. Akasema salio limeisha, lakini mimi ndiye niliyepiga.

Kwetu mtu mkubwa akifa hawasemi. Wanasema amelala, amesafiri, haonekani, mpaka mwingine awekwe mahali pake. Nayajua hayo tangu utotoni.

Kama amekufa, basi sasa ndiyo wananitafuta. Sitoki nje ya shamba. Nimemwomba Mokake anihamishie chumba cha mwisho. Amesema kinavuja.

Agosti 24
Mvua. Pa Lantum anafuma haraka, taa haizimwi. Kofia imebaki ukingo.

Agosti 28
Nitaandika yote ya leo hata kama mkono utachoka.

Asubuhi reli imegongwa mara mbili. Pa Lantum amekwenda zahanati kwa ajili ya kifua chake. Kofia aliiacha kitandani, imekamilika, imefunikwa kwa taulo. Nimeifunua. Niseme ukweli, sijaona kazi nzuri kama ile. Vinundu vimejipanga kama punje za mahindi, nyeusi na nyeupe zimepishana bila kosa hata moja, na nimeshajua sasa kazi ya kutokosea. Kando yake ulikuwa ule uzi mweusi wenye fundo, kipimo changu. Nikaivaa. Imenikaa kana kwamba imeota.

Nikasema, hii hapa. Watakuja na gari, watu wanne watano wa kwetu, watasema tumekuja kukusalimia, na mzee huyu atawafungulia mlango.

Nikatafuta mwisho wa uzi. Alikuwa ameuficha vizuri ndani ya ukingo, lakini ni yeye aliyenifundisha unakofichwa. Nikakata, nikavuta. Kroshia haina ukaidi, ukishapata mwisho inakuja yote. Vinundu vilipofika vilikuwa vinatoa mlio mdogo, pamba ya ndani ikaanguka sakafuni kama manyoya. Mwezi na nusu wa kazi ya mzee nimeumaliza kabla mvua haijabadilisha sauti. Nilikuwa nafurahi.

Pa Lantum akaingia. Akatazama lundo la uzi, akatazama kichwa changu. Nilikuwa nimesimama tayari kwa kupigana na mzee wa miaka sitini. Akakaa kitandani, akaokota ncha ya uzi mweusi, akaanza kuuzungushia kwenye vidole taratibu, kama mtu anayefanya kazi yake ya kila siku.

"Umemkosea nani?" akauliza.

"Hamtanikamata, Pa. Waambie."

"Nani akukamate?"

"Kofia ni ya nani?"

"Ya kaka yako."

Nilidhani anatania. Akaendelea kukunja uzi.

"Ngoran alinipigia kabla sijahamia humu. Akasema nitengeneze kofia, siku za baba zimekaribia. Nikamwambia sina kipimo chake. Akasema, pima kichwa cha ndugu yangu Wirnkar, tukiwa watoto mama alikuwa ananunua kofia moja tunagombania. Akasema na nikuangalie usipande. Utakuja kuvuruga."

"Nivuruge nini? Mimi sitaki kiti."

"Ndivyo alivyosema, kwamba hutaki. Akasema lakini mzee anamwita yule, yaani wewe, kila siku anamwita yule, na wazee wanasikia. Akija, mzee atamshika mkono mbele yao na mambo yataharibika." Akakohoa. "Nikajiuliza, mtu nitamzuiaje bila kamba? Nikasema nitampa sindano. Mtu mwenye kazi mkononi haangalii barabara."

Nikamuuliza ni lini. Alijua ninauliza nini.

"Wiki tatu zilizopita. Wamemzika usiku ule ule kama inavyotakiwa. Kaka yako yuko ndani ya nyumba ya Fai, anasubiri kofia hii atoke nayo hadharani mwezi wa kumi. Sikuruhusiwa kukuambia. Sasa nimekuambia."

Kwa hiyo hivi ndivyo ilivyokuwa. Ngoran aliponiambia usije, alikuwa anasema usije. Pa Lantum aliponiambia usije, alikuwa anasema usije. Mama aliponiambia njoo, baba alikuwa anauliza asubuhi, anauliza jioni. Na hata mama nilimwona mtego.

Sikulia mbele yake. Nimetoka, nimesimama chini ya mti wa mpira uliolowa, nimelia huko, utomvu wa jana unachuruzika kwenye gome.

Agosti 29
Enanga ameleta chakula mwenyewe mpaka chumbani, ameona uzi, ameona sura yangu, ameweka bakuli akaondoka.

Septemba 2
Nimegema. Nimewaza hivi: sikukitaka kile kiti, na hakuna aliyeninyang'anya kitu nilichokitaka. Mbona basi najisikia kama mtu aliyeibiwa? Halafu nawaza vingine: labda Ngoran alinionea huruma, alisikia niliposema njiani, akachukua mzigo ule abebe yeye. Asubuhi naamini hili, jioni naamini lile. Na baba alitaka kuniambia nini? Kuniweka, au kuniaga tu? Waliokuwamo chumbani mle ni watu wasiosema. Ngoran ndiye pekee ambaye ningemkamata shati nikamuuliza, na sasa Ngoran hayupo. Yupo Fai, na Fai haulizwi.

Septemba 5
Pa Lantum amelala na homa. Kifua. Ameniambia kutoka chini ya blanketi, "Kofia itakosekana. Mimi mikono haipo."

"Watafute fundi mwingine."

"Kwa muda huu? Na nani mwenye kipimo?"

Nikatoka kuchota maji.

Septemba 6
Mvua. Nimechukua sindano ya waya wa mwavuli.

Septemba 9
Nimefumua mara nne. Vinundu si mchezo: unafuma vitanzi vingi ndani ya kimoja, unavifunga shingo, unajaza kabla ya kufunga. Ukikaza, kinakuwa dengu. Ukilegeza, kinalala kama titi la mwanamke mzee. Nimeyasema hayo kwa sauti, Pa Lantum akacheka mpaka akakohoa damu kidogo, au ni wekundu wa kola anayotafuna. Amesema ni kola.

"Kwa nini unaifanya?" akaniuliza.

"Nataka sababu ya kuingia nyumba ile."

"Mwana wa nyumba hahitaji sababu."

"Wewe ndiye uliyeambiwa unizuie, Pa. Leo unasema sihitaji sababu."

Akageukia ukutani.

Septemba 15
Homa ya mzee imeshuka. Anakaa, ananitazama vidole, hanisahihishi mpaka nimemaliza mzunguko ndipo anasema, "Cha tatu kutoka kushoto." Ananifanya nirudi. Simwamini bado. Simu yake ikilia nasikiliza. Lakini anapokohoa namchemshia maji.

Septemba 19
Mvua, radi. Nimefika penye masikio. Napima kwa kichwa changu, sina kingine. Nikiivaa nawaza: wangeniweka hii, wajane wa baba wangekuwa wamekaa mbele yangu wameinamisha macho, na Enanga angekuwa anamwekea mgema mwingine bakuli. Halafu naivua upesi.

Septemba 24
Mama amepiga. Sasa anaongea taratibu. Nikamwambia, "Nimejua." Akasema, "Alikula mnavu kidogo siku ile. Alisema umepikwa vizuri." Sikumuuliza kama baba alimtaja nani. Nilikuwa na swali mdomoni na nikalimeza, kwa sababu kama mama anajua, amekula nalo chakula siku zote hizi, na kama hajui, nitakuwa nimempa shaka yangu aishi nayo.

Septemba 29
Imekamilika. Vinundu havilingani, upande wa nyuma kuna kimoja kikubwa kama kimevimba. Pa Lantum ameigeuza geuza, ameutafuta mwisho wa uzi ulipofichwa, hakuuona. Akasema, "Watajua haikufanywa na mimi."

"Wajue."

"Ngoran atajua."

"Ndiyo."

Oktoba 1
Nimezungumza na Mokake, amenipa ruhusa. Enanga ameuliza, "Na wewe ndiyo unaenda moja kwa moja?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Wote husema hapana." Amenifungia koki ya safari, nyingi kuliko ya mtu mmoja.

Oktoba 2
Karibu miezi saba tangu nitoke. Kesho alfajiri napanda gari. Nimepanga nitakavyofanya. Nikifika mlangoni pa Fai, kaka yangu, nitaacha viatu, nitainama, nitapiga makofi na kuongea nimeziba mdomo kwa viganja. Kofia sitamvisha, siruhusiwi kugusa kichwa kile tena, nitampa mzee wa nyumba naye ataiweka. Kwa kuwa siwezi kumuuliza, nitamtazama wakati inashuka juu ya masikio yake. Nakijua kila kitanzi kilivyo mle ndani, penye kubana na penye nafasi. Akitulia, nitajua alinibebea mzigo. Akinikwepa macho, nitajua aliniibia. Labda sitajua chochote, maana Fai hufundishwa sura.

Nitakaa wiki mbili kwenye kaburi la baba na kwa mama. Natarajia kurudi kambini tarehe kumi na nane ya mwezi huu, kabla jua halijakausha magome na kazi kuwa nyingi, kama Fai akinipa ruhusa ya kuondoka.